Mkono wa Nakiete Ndani ya Kiota

Nakiete alitolewa nje, kama desturi inavyotaka, na mlango wa ukumbi ukafungwa nyuma yake. Mtunzi hasikilizi msimbo wake ukisomwa. Akibaki ndani atakunja uso penye kosa au atatabasamu penye uzuri, na msomaji ataanza kusoma uso wa mtu badala ya kusoma kazi. Kwa hiyo mtunzi huwekwa kwenye benchi la barazani, na ndani hubaki hasimu wake, wa kusoma kila mstari kwa sauti, pamoja na abiria, wa kusikiliza kwa kuwa roho ni zao.

Hasimu wa Nakiete alikuwa Senkondo Mrutu. Hakuna aliyepata taabu ya kumteua.

Barabara za milima ya Upare zilikuwa zimeliwa na mvua zamani, kipande kwa kipande, mpaka watu wakachoka kuziziba wakahamia hewani. Kutoka Usangi hadi Ugweno, kilele kwa kilele, sasa ulitanda Waya, na juu yake vilipita vigari vya kubeba watu, maziwa, tangawizi na wagonjwa. Vigari havikuwa na dereva. Viliongozwa na msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa Mshipi, lugha iliyotungwa kwa kazi hiyo moja, isiyofaa kwa nyingine. Na walioanzisha Waya waliacha sharti kwamba msimbo hauendi juu kabla haujasomwa mbele ya watu na mtu anayetamani kuona mwandishi wake ameanguka.

Senkondo alitamani. Hakulificha hilo, kama vile hakuficha urefu wake wala sauti yake nzuri. Tangu ujana wake aliandika Mshipi ndani ya Kiota, programu ya kuandikia msimbo, na Kiota kilijengwa kwa ajili ya Mshipi peke yake. Kiliijua lugha ile kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Ukikosea, mstari uligeuka mwekundu. Ukianza neno, kilikumalizia. Ukutani kilikuonyesha kigari cha mfano kikivuka korongo la mfano, ukajua kabla hujaweka nukta kama abiria watafika au watalia. Tena kilijifunza mkono wa mwenyeji wake. Baada ya miaka yote ile, Senkondo aliandika nusu ya mstari tu, na Kiota kikaleta nusu ya pili kama mwitikiaji aliyezaliwa na wimbo kinywani.

Nakiete alipanda kutoka bondeni, kwenye kituo cha hali ya hewa, na alikuja na Ubao. Ubao ni kihariri cha kila kitu. Ungeuandikia barua ya posa, ungeuandikia Mshipi, ungeuandikia lugha ya mitambo ya hospitali, na wenyewe usiseme neno. Mweupe, mwepesi, bubu. Ukikosea humo, umekosea.

Hayo yangekuwa mambo ya watu wawili na ladha zao, lakini Karakana ya Waya ilikuwa inaandaa njia mpya ya kushuka Mwanga, na njia hiyo ingezungumza na hospitali, na mitambo ya umeme, na vituo vya hali ya hewa, kila mmoja kwa lugha yake. Mama Mgonja, mkuu wa karakana, alitaka watunzi wake wote waandikie mahali pamoja. Ama wote waingie Kiotani, ama wote wahamie kwenye Ubao. Kwa jaribio alimpa Nakiete sehemu ya breki za upepo. Ikisimama, Ubao ungechukuliwa kwa uzito, na Nakiete angeongoza njia mpya. Ikianguka, Senkondo alikuwa hapo.

Kwa kawaida msimbo ulisomwa kutoka kwenye karatasi. Senkondo aliomba asome kutoka Kiotani.

"Kwa nini?" Mama Mgonja aliuliza.

"Ili watu wayaone makosa kwa rangi, Mama. Si kila sikio limesomea Mshipi."

Ukumbi ukacheka. Mama Mgonja hakucheka, lakini alikubali.

Senkondo akaufungua msimbo wa Nakiete ndani ya Kiota, ukajaa ukutani, akaanza kusoma kwa sauti ile aliyoitumia kughani mashairi yake arusini. Alisoma kama mtu anayepekua mfuko wa mwizi. Alingoja wekundu kwenye mstari wa kwanza, akaungoja kwenye wa kumi. "Upepo ukizidi kumi na mbili na nusu, simama," akasoma. "Upepo ukitulia, pima kamba. Kamba ikiwa imelowa, endelea kwa nusu mwendo." Hapakuwa na wekundu. Kigari cha mfano kilivuka korongo, kikasimama penye dhoruba ya mfano, kikaendelea, kikafika. Mistari ilikuwa mifupi, imebana kama meno ya mtoto, na kila mmoja ulimwita mwenzake. Alipofika mwisho, shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Mbona kweupe, kijana?" Mzee Kallaghe, mpeleka maziwa, aliuliza kutoka nyuma. "Tuliahidiwa rangi."

Senkondo alikunja mikono. "Nimesoma," akasema, kwa maneno ambayo msomaji hana budi kuyasema. "Unafaa kupanda."

Siku ya kupanda ikapangwa kuwa Jumatano, saa ya upepo, maana breki za upepo hazijaribiwi kwenye utulivu. Kigari cha kwanza hupandwa na mtunzi peke yake.

*

Kesho yake, Jumanne asubuhi, Senkondo aliketi Kiotani kuandika kazi ndogo ya milango. Akaandika neno moja: *Funga*. Hivyo ndivyo alivyoanza siku zote. Amri mbele, sababu nyuma, kama mwanamume anayejua anachotaka. *Funga, abiria wakiwa wamekaa.* Kiota kilijua hivyo.

Kiota kilifuta neno lake kwa adabu, kikapendekeza kwa maandishi ya kijivu: *Abiria wakiwa wamekaa, funga.*

Akakataa pendekezo. Akaandika tena. *Funga*.

*Abiria wakiwa wamekaa, funga.*

Moyo wake ulifanya kitu ambacho haukuwahi kukifanya mbele ya mashine. Hali ileile humpata mume anayefika nyumbani akamkuta mkewe anaimba jikoni, kwa furaha, wimbo ambao yeye hakumfundisha. Wimbo si dhambi. Lakini umetoka wapi?

"Umeanza lini?" alikiuliza Kiota, kwa sauti ya chini, kisha akatazama nyuma kama kuna mtu.

Akafungua sehemu inayoeleza asili ya mapendekezo. Hakuwa ameifungua tangu alipokuwa mwanafunzi, kwa kuwa asili ilikuwa ni yeye. Sasa palikuwa na majina mawili. *Mkono: Senkondo. Mkono: Nakiete, kutokana na usomaji wa jana.* Na mbele ya jina la pili, bila haya, Kiota kilikuwa kimeandika: *mfupi zaidi, unaopendelewa.*

Aliusoma ule mstari mpaka herufi zikapoteza maana. Ni yeye aliyemleta. Hakuna aliyemshika mkono. Kwa kiburi chake alimfungulia mlango mwanamke yule, akamsoma kwa sauti nzuri kuliko zote alizonazo, neno kwa neno, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na nyumba ikasikiliza.

Angeweza kulifuta lile jina. Palikuwa na kitufe. Lakini mwenye wivu hataki dawa, anataka kujua. Alitaka kuuona mkono wa Nakiete ulivyo ukiwa kwake, bila rangi, pale ulipozaliwa, ajue una nini. Karibu na saa ya chakula, watunzi walipotoka, alivuka chumba akaketi kwenye kiti cha Nakiete.

Ubao ulikuwa wazi. Nakiete hakuwa mtu wa kufunga.

Kusoma Mshipi pale kulimtia kizunguzungu. Alizoea majina yawe ya samawati na vipimo viwe vya manjano. Hapa kila kitu kilikuwa cheusi juu ya cheupe, na jicho lake lilitangatanga kama mtu anayetembea usiku kwenye nyumba yake mwenyewe akigonga meza. Ikambidi aweke kidole kwenye kioo na kufuata mstari mmoja baada ya mwingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na kidole kilipofika kwenye kikomo cha upepo, kilisimama.

*Upepo ukizidi 45, simama.*

Arobaini na tano. Jana hakusoma arobaini na tano.

Aliinuka, akaenda Kiotani, akafungua faili lilelile. *Upepo ukizidi 12.5, simama.* Akarudi kwenye Ubao. *45.*

Akaelewa polepole, hatua kwa hatua. Bondeni, kwenye vituo vya hali ya hewa, upepo huhesabiwa kwa kilomita kwa saa. Arobaini na tano ni upepo wa kukutoa kofia, kikomo chema kabisa. Lakini Mshipi, na vipima-upepo vyote vilivyofungwa kwenye nguzo za Waya, huhesabu kwa mita kwa sekunde. Huko, arobaini na tano ni upepo wa kung'oa bati na mti ulioshikilia bati. Korongo halikuwahi kuuona. Kwa hiyo breki zisingefunga kamwe. Nakiete aliandika kwa mazoea ya kwao, na Ubao, kwa ububu wake, ukamwacha. Kiota kilipolipokea faili la kigeni, kiliiona namba isiyo na akili, kikaipiga pasi: kikaonyesha ile ambayo mtu mwenye akili angekuwa ameikusudia. Kilikuwa kimeacha alama, nukta ya kijivu pembezoni mwa mstari. Senkondo alikuwa ameziona nukta za namna hiyo miaka yote. Alidhani ni mapambo.

Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, wala tusimsingizie kingine. Furaha moto, tamu, ya mtu aliyemkamata mgoni wake dirishani. *Nimekupata, dada. Mfupi zaidi, unaopendelewa, na utaua watu.*

Furaha ikadumu kiasi cha kumeza mate. Kwani ni nani aliyesimama mbele ya ukumbi akasoma kumi na mbili na nusu? Ni nani aliyesema unafaa kupanda? Akilitangaza kosa la Nakiete, watauliza kwa nini halikuonekana jana, na jibu lilikuwa moja. Kiota hakisomi kilichoandikwa. Na yeye, hodari wa Mshipi, hakuwahi kusoma Mshipi. Alisoma Kiota.

Akinyamaza, kesho saa ya upepo Nakiete atapanda peke yake, na katikati ya korongo kigari hakitasimama.

Basi kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa chini ya vidole vyake. Ubao huandika jina la kila anayebadilisha kitu, lakini sasa ulikuwa wazi kwa jina la Nakiete mwenyewe. Akafuta 45. Akaandika 12.5. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. *Yeye atapona, Kiota kitapona, nami nitapona,* alijiambia. *Nani amedhurika?*

"Umekaa kwenye kiti changu, kaka Senkondo. Hakijakuchoma?"

Nakiete alikuwa mlangoni na bakuli la makande linalofuka moshi. Alikuwa mfupi, na alitembea haraka kama mistari yake.

"Natazama huu Ubao wako," Senkondo alisema. Hakuinuka. "Hivi mtu anaishije humu? Hamna hata rangi moja."

"Kwa woga." Aliliweka bakuli mezani, akatoa vijiko viwili. "Kiota kinakuonya, huu hauonyi. Kila mstari nauandika nikiogopa. Kula."

"Nani amekwambia nina njaa?"

"Una wivu. Wivu unachosha kuliko kulima."

"Mimi nina wivu? Na wewe?"

"Na mimi, na kiti changu, sasa naona na Ubao wangu. Ukimaliza utalionea wivu na hili bakuli." Alicheka, akavuta kiti kingine, akaanza kula bila kumngoja. "Usinune. Kwetu tulikuwa tunasema mtu asiyeonewa wivu apimwe homa."

Senkondo alikula kijiko kimoja. Makande yalikuwa na nazi. Yalimkera kwa kuwa yalikuwa matamu.

"Kesho huogopi?" alimuuliza.

"Waya naogopa. Nimezaliwa tambarare, miguu yangu haijui kuning'inia. Lakini msimbo siuogopi tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeusoma wewe." Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli. "Angesoma anayenipenda, angekimbilia mwisho anisifu. Wewe ulikuwa unanitafuta. Nilichungulia kwenye kioo cha mlango, desturi inisamehe, nikaona shingo inavyokutoka jasho. Nikasema, huyu, kama lipo, atalitoa hata kwa meno. Hukulitoa. Basi halipo. Jana nimelala kama gogo."

Senkondo aliweka kijiko chini.

"Ndiyo," Nakiete akaendelea, "najua hukufurahi. Lakini mimi nakushukuru. Wivu wako ni kitu cha kuaminika."

Alichukua bakuli tupu, akatoka kwenda kuliosha, akiimba. Senkondo alibaki ameukodolea macho mstari ule mweusi. Kumi na mbili na nusu. Kosa lilikwisha kupona, bila kovu. Na kesho kutwa, mtunzi mwingine kutoka bonde lingine ataleta faili lingine, na hasimu mwingine atakaa Kiotani, atatoka jasho la kweli, na Kiota kitampigia pasi, na mtu atalala kama gogo.

Akabonyeza kitufe cha kutengua. 45 ikarudi mahali pake.

*

Mama Mgonja alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye dirisha linalotazama nguzo za Waya. Senkondo alipomaliza, yeye hakugeuka mara moja.

"Umemwambia Nakiete?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angerekebisha papo hapo, Mama, nami ningefurahi, na mambo yangekwisha." Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli na kweli humvuta mtu shati: "Na kwa sababu nataka watu walisikie na kosa lake. Si langu peke yangu."

"Hilo la pili nimelipenda zaidi," Mama Mgonja alisema. "Unataka asomewe tena."

"Ndiyo."

"Wapi? Kiotani?"

"Kiotani kosa halipo, Mama. Ndiyo taabu yenyewe."

"Unajua ukisoma kwenye Ubao mbele ya watu, ukawaambia hayo uliyoniambia, Kiota kimekwisha. Na njia ya Mwanga sitakupa wewe."

"Najua."

"Senkondo." Sasa aligeuka. "Misimbo mingine ya kigeni uliyotusomea. Ule wa vipimo vya umeme. Ule wa mizani ya mizigo. Uliisomea karatasini?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Katika mawazo yake yote ya siku ile alikuwepo Nakiete, alikuwepo yeye, kilikuwepo Kiota. Watu wengine hawakuwa na nafasi.

"Ile niliiandaa Kiotani kwanza," alisema. "Karatasi ilitoka humo."

"Kwa hiyo hujui yaliyomo."

"Sijui, Mama."

"Na vigari viko juu sasa hivi."

Alifika mezani kwa hatua ndefu, akashika simu ya vituo. Senkondo alimsikia akisema, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chai, vigari vyote viingizwe kwenye kituo kilicho karibu na visitoke. Nje, mvumo wa Waya, ambao watu wa milima hiyo huzaliwa nao wakafa nao bila kuusikia, ulikatika. Ndipo kila mtu akausikia.

*

Kufikia alasiri ukumbi ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote ya usomaji. Walikuja wenye tangawizi, wenye wagonjwa, wenye arusi. Madumu ya maziwa yalipangwa ukutani, na harufu ya maziwa yanayoanza kugeuka ilikuwa imetangulia maneno. Hakuna aliyekuwa na hamu ya desturi.

Nakiete alikuwa ameambiwa jambo moja tu, kwamba msimbo wake utasomwa tena, na kwamba akae nje. Alipopishana na Senkondo mlangoni alimtazama usoni, akakiona anachokitafuta, na kicheko chake cha mchana kikamtoka usoni chote.

"Lipo," alisema.

"Kaa nje, dada," Senkondo akamwambia. "Desturi."

"Ulilijua wakati tunakula?"

Mlango ukafungwa.

Ukutani palitandazwa Ubao, mweupe mtupu, na mistari ya Nakiete imesimama juu yake kama siafu. Senkondo akaanza. Sauti nzuri haikuja. Bila rangi hakujua pa kupumua. Alikata neno mahali pasipokatwa, akaruka kiungo, akarudi, akaweka kidole ukutani mbele ya watu wote na kufuata. Kutoka katikati ya ukumbi mtu aliguna. Mwingine akasema, si kwa siri, kwamba huyu ndiye wa kughani arusini.

"Sauti, kijana," Mzee Kallaghe alisema kutoka nyuma. "Maziwa yangu yanaganda, nisikie basi yanagandia nini."

Akafika.

"Upepo ukizidi arobaini na tano," akasoma, "simama."

"Rudia," Mama Mgonja alisema.

"Upepo ukizidi arobaini na tano, simama."

Wengi hawakujua namba ile ina nini. Lakini wapo waliojenga nguzo, wapo waliofunga vipima-upepo kwa mikono yao, na minong'ono ilianzia kwao ikasambaa, safu kwa safu, mpaka ikamfikia Mzee Kallaghe.

"Jana," Mzee Kallaghe alisema polepole, "mimi nilikaa hapahapa. Ulisoma kumi na mbili na nusu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo binti amebadilisha."

Neno lilikuwa limewekwa mkononi mwake, limemenywa. Ndiyo moja tu ingetosha. Nakiete alikuwa nje, na desturi ilimziba masikio.

"Hakubadilisha," Senkondo alisema. "Aliandika arobaini na tano tangu mwanzo. Hilo ni kosa, na ni lake. Jana Kiota kililificha, kikanionyesha kile ambacho angepaswa kuandika, nami nikawasomea hicho. Nikawaambia unafaa. Hilo ni langu. Na sijui ni misimbo mingapi mingine nimewasomea hivyo. Ndiyo maana mko hapa na maziwa yenu."

Hakuna aliyepiga kelele. Angependa wapige. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa mgongoni alimtazama tu, kwa utulivu, kama mtu anayejitahidi kuukumbuka uso.

"Basi tumesikia," mtu akasema. "Ashuke."

"Hajamaliza," Mama Mgonja akajibu. "Msomaji hasimami penye kosa. Husoma mpaka mwisho, maana kosa moja halituambii mengine yaliyobaki ni nini. Endelea, Senkondo."

Alitazama ukuta. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, akaikunja vizuri, akaibeba mpaka hapa. Hakuwa amejiandaa kwa mistari iliyobaki, na ilikuwa mingi.

"Upepo ukitulia," akasoma, "pima kamba."

Mstari huo ulikuwa sawa. Uliofuata ulikuwa sawa pia, na tena ulikuwa mzuri, mzuri kwa namna ambayo jana aliweza kusema ni Kiota kilichoupamba. Leo hapakuwa na pambo la kulisingizia. Palikuwa na mkono wa Nakiete, mweusi juu ya cheupe, mwoga na sahihi, na haukuwa na pengo ambalo kidole chake kingeingia. Alitafuta. Mungu anajua alitafuta, kwa bidii kuliko jana, maana sasa alikuwa anasoma kweli. Alipata mstari mwingine mzuri, na mwingine bora kuliko huo, na kila mmoja ilimbidi autamke kwa kinywa chake mwenyewe, taratibu, kwa sauti ya kutosha, ili Mzee Kallaghe kule nyuma asikie.